Siku Fuawe ya Baba Ilipobaki Kasulu

Mwezi uliopita nilipeleka simu yangu kwa fundi, kijana mmoja mwenye kibanda karibu na stendi ya Kibondo. Aliifungua, akawasha kile chuma chake chembamba cha kuchomelea, akakigusisha kwenye lehemu, na moshi mdogo ukapanda ukanijia puani. Nikarudi nyuma hatua moja. Kijana akaniuliza, "Vipi mama, moshi umekukera?" Nikamwambia naenda sokoni mara moja, nitarudi. Sikurudi. Nilimtuma mwanangu akaichukue simu, na hata yeye sikumwambia kwa nini.

Harufu ile naijua tangu nikiwa msichana mdogo. Ni lehemu inayoyeyuka juu ya shaba, ina uchungu kama ndimu iliyoungua. Mtu mwingine akiisikia anafikiria redio mbovu. Mimi inaniletea kifua cha moto na aibu ambayo hata leo sijui niitue wapi.

Ninyi mliokua nami, mnaosoma haya mkiwa na mvi kama zangu, mtanivumilia nikitaja majina. Nimeyaficha muda mrefu na kuyaficha hakukunisaidia chochote. Mimi sina elimu ya kupamba maneno. Waliofanya haya ni Konsolata, dada wa mama yangu, tumbo moja, na Mzee Barnaba wa mashine ya kusaga. Wa tatu nitamtaja nikimfikia, maana hasira yangu kwake ina mipaka.

Baba alikuwa mhunzi kule Murungu. Alifua majembe, mundu na visu kutokana na springi za magari mabovu, na watu walimfuata kutoka mbali, hata Kakonko, ingawa majembe ya kiwandani yalikuwa yameshajaa madukani. Kazi ilifanyika katika kibanda cha nyasi kisicho na kuta, na katikati yake ilikaa fuawe, chuma alichofulia juu yake, kipande kizito cha reli ambacho babu alikileta kutoka Kigoma enzi za ujana wake. Kwa kupigwa miaka yote ile kilikuwa kimelika mgongoni, kikawa laini kama goti la mtoto. Baba hakuwa na fuawe nyingine. Bila ile, yeye alikuwa mwanamume mwenye nyundo tu.

Sisi wasichana hatukuruhusiwa kuvukuta moto wala kuiruka fuawe. Walisema chuma kinajua mkono wa mwanamke na kinakasirika. Kwa hiyo nilitazama tu, na nilichokipenda kuliko vyote ni mwisho wa kazi: jembe jekundu linazamishwa majini, maji yanalia, mvuke unapanda mpaka kwenye nyasi, na baba anasema, "Limekunywa. Sasa ni gumu." Nikalishika neno hilo kama mtoto anavyojua jua linatokea upande gani. Moto unalainisha, maji yanakaza. Sikuwa na haja ya kumuuliza mtu.

Mama mdogo Konsolata aliishi Kasulu mjini na kuuza vitenge. Siku moja alikuja kututembelea, ananukia sabuni ya dukani, akanishika kidevu, akamwambia baba, "Shemeji, huyu mtoto ana akili. Nipe nikamsomeshe. Hapa Murungu ataishia kubeba kuni."

Baba hakujua kusoma hata herufi ya jina lake. Alifurahi mpaka akasimama. "Mchukue," akasema. "Akirudi atanisomea Biblia, niache kumsumbua katekista. Nami kila mavuno nitakuletea majembe."

Darasani nilikaa hata muhula haukuisha. Asubuhi moja Konsolata aliniambia nivue sare, sketi ni ya Joyce, mwanawe, na Joyce anaihitaji. Halafu akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye chumba alichompangisha Mama Bibiche.

Huyu ndiye wa tatu. Alikuwa Mkongomani, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, aliyekimbia vita kwao na kuvuka ziwa na watoto wake. Alitakiwa awe kambini na wenzake, lakini alikuwa amejipenyeza mjini kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi. Alitengeneza hereni ndefu za kuning'inia, pete, mikufu na bangili za nyaya zilizosukwa, vitu vya kisasa ambavyo wasichana wa mjini, wanachuo wa ualimu na kina dada waliofanya kazi makambini walikuwa wanavigombania. Konsolata aliviuza katikati ya vitenge vyake. Kilichokosekana kilikuwa mikono mingine, ndipo ikapatikana yangu.

"Ni huyu mutoto?" Mama Bibiche aliuliza siku ile, akinigeuza viganja. "Iko na vidole vya muzuri. Lakini haiko mwanafunzi huyu?"

"Shule itamngoja," Konsolata akajibu.

Na nitasema kweli, kazi ile niliipenda. Hilo ndilo linalonichoma. Laiti ningeichukia ningekuwa na pa kuegemea. Tulichoma nyaya za umeme nyuma ya choo mpaka plastiki yote ikaungua na shaba ikabaki uchi, nyeusi. Tukaisafisha kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa kama ngozi ya mtu aliyetoka kuoga. Nilijifunza kuuzungusha waya kwenye msumari mnene, mzunguko kando ya mzunguko, kisha kuukata kwa mkasi wa bati upande mmoja, pete ndogondogo zikamwagika mapajani mwangu. Nilijifunza kuzishikanisha kwa plaizi mbili ziwe mkufu, kupiga tupa kwenye ncha zisimchome mtu sikioni, na kugusa lehemu pale tu panapohitajika, tone lisizidi chawa. Mama Bibiche aliimba na kunirekebisha humo humo ndani ya wimbo.

"Angalia rangi ya moto, weye! Ukiacha iwe nyeupe, shaba inakufa. Nyekundu ya jogoo, basi. Toa. Tia mu maji."

Nilikuwa natia majini. Nilidhani tunafanya hivyo ili tusiungue vidole. Kisha nikikamilisha kulabu ya kufungia mkufu yeye aliichukua, akaiweka juu ya jiwe, akaigongagonga kidogo kwa nyundo. Nilidhani anaipamba, maana ilibaki bapa na yenye kumetameta. Sikuuliza. Mtoto wa mhunzi aulize nini kuhusu nyundo?

Baba alikuwa anakuja na majembe yake, ameyafunga kwenye baiskeli. Kila akitarajiwa, Konsolata alinivika ile sketi ya Joyce, ikanipwaya kiunoni akaibana kwa pini, akaniketisha sebuleni. Joyce alisimama mlangoni anang'ata kucha na kunicheka. "Usiikalie vibaya," alininong'oneza, "kesho nina ukaguzi."

"Mmefundishwa nini?" baba aliniuliza siku moja.

"Hesabu, shemeji," Konsolata akadakia. "Anaongoza."

Baba akanishika mkono, akauangalia. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi, weusi ule wa shaba na moshi usiotoka kwa sabuni. Akauliza, "Na huu ni wino?"

"Wino huo, shemeji. Watoto na kalamu!"

Akaachia mkono wangu taratibu. Nilidhani ameamini. Leo ndiyo najiuliza mhunzi gani asiyejua weusi wa shaba. Labda alijua akaamua kuuita wino, kwa sababu wino ndio aliokuwa ameutamani.

Basi Mzee Barnaba akawa anamwoza binti yake, Neema. Mzee Barnaba alikuwa mtu mzito pale mtaani. Mashine yake ilisaga mahindi ya nusu ya Kasulu, na kanisani alikaa benchi la mbele. Mama yake, bibi mmoja mfupi sana, alikuwa na rupia ya fedha ya zamani za Mjerumani, aliyopewa na mumewe. Ikaamuliwa kwamba Neema aivae shingoni siku ya harusi. Konsolata akaileta kwa Mama Bibiche huku ameifunika kwa viganja viwili kama kifaranga.

Mama Bibiche aliizungushia rupia fremu ya waya uliosokotwa, bila kuitoboa, kazi ambayo mpaka leo sijaona mfano wake. Mkufu nikautengeneza mimi, pete kwa pete. Asubuhi ya harusi Mama Bibiche aliitwa haraka kwenda kumsuka bibi harusi nywele, akaniambia, "Fanya kulabu, ugonge kidogo na nyundo, umupelekee Konsolata."

Nilifanya kulabu. Niliigonga kidogo. Kisha nikaiangalia, nikaona ni nyembamba mno kubeba rupia ya bibi. Nilitaka iwe ngumu. Nilitaka Mzee Barnaba aulize imetengenezwa na nani. Kwa hiyo nikafanya kile alichokuwa akikifanya baba. Nikaipeleka kwenye moto mpaka ikawa nyekundu ya jogoo, nikaizamisha majini, ikalia kidogo, na mimi nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Imekunywa. Sasa ni ngumu." Nikampelekea Konsolata.

Harusi ilikuwa kubwa. Uwanja wa Mzee Barnaba ulijengwa turubai, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na chini palikuwa na tope lililotandikwa majani ya migomba. Nilisimama na wasichana wengine, natazama rupia ikirukaruka kifuani kwa Neema wakati wa kucheza, na moyo wangu unaruka nayo. Halafu nikaona Neema anajishika shingo. Mkufu ulikuwa unaning'inia upande mmoja, kulabu imenyooka kama sindano, na rupia haipo.

Ngoma ikanyamaza. Bibi akapiga yowe. Wanawake wakainama kufunua majani ya migomba, wanaume wakawa wanaulizana, na katikati ya kelele zile Mzee Barnaba akasema, "Nani alitengeneza kitu hiki?"

Mama Bibiche alikuwa amesimama nyuma kabisa, kitambaa kimefunika nusu ya uso wake, maana mkimbizi asiye na kibali mjini hajibu maswali mbele ya umati. Konsolata ndiye aliyesema. Nakumbuka sauti yake, nyembamba na safi.

"Ni huyu. Anamfanyia kazi yule Mkongomani. Mimi nampa pa kulala tu."

"Si ndiye mtoto wa dada yako?" mtu akauliza.

"Wa dada yangu kwa kuzaliwa. Kwa tabia ni wa baba yake. Wahunzi hawa, kila chuma wanakiona chao."

Watu wakacheka, kicheko kile cha watu wanaoogopa mwenye nyumba. Wakaniambia nitoe nilichonacho. Sikuwa na kitu. Mwanamke mmoja akasema wezi huficha vitu kwenye nywele. Mimi nilikuwa nimesukwa vizuri kwa ajili ya siku ile, mistari midogomidogo, na aliyenisuka ni Konsolata mwenyewe, jana yake, ameniweka katikati ya magoti yake. Ndiye aliyenifumua. Alinikalisha juu ya kinu kilichopinduliwa, mbele ya wageni na bwana harusi, akavuta msuko mmoja baada ya mwingine ili kila mtu aone kwamba yeye hayumo. Alivuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nywele zikasimama kichwani mwangu kama nyasi za paa zilizopigwa na upepo. Hazikutoa rupia. "Kaimeza," Joyce akasema, na watoto wakashangilia.

Kitu ambacho sikumwambia mtu ni kile nilichokiamini. Niliamini ni chuma kilichonikasirikia. Niliona kwamba nimefanya kazi ya baba na mkono wa kike, na kulabu ikanijua, ikalainika kusudi ili nidhalilike. Kwa hiyo niliponyamaza wakasema nimekiri. Sikuwa nakiri wizi. Nilikuwa naogopa kwamba baba akisikia nimezamisha shaba majini atasema, si niliwakataza?

Wakampelekea baba habari kwa mdomo, kupitia kwa utingo wa basi la Kibondo: mwanao amepoteza mali ya watu, njoo na kitu. Siku nilizomsubiri nililala jikoni, na sahani yangu iliwekwa chini.

Alifika asubuhi, baiskeli imeinama nyuma kwa uzito wa kitu kilichofungwa kwenye gunia. Hakupita kwa Konsolata. Alinichukua mkono tukaenda moja kwa moja kwa Mzee Barnaba, ambaye alikuwa amekaa barazani anakunywa chai, na Konsolata ameshafika, amekaa kwenye mkeka na bibi. Wateja wa mashine walikuwa wamejaa uani na ndoo zao za mahindi.

Baba akachuchumaa. Mnajua wenyewe salamu zetu. Akakunja viganja, akapiga makofi yale ya taratibu, na kusema, "Mwakeye, mzee."

Mzee Barnaba akakoroga chai.

Baba akapiga tena. "Mwakeye neza, mzee wangu. Nyumbani hamjambo?"

Kijiko kikaendelea kuzunguka. Sisi Waha tunaweza kugombana mpaka kupelekana barazani, lakini salamu inaitikiwa. Hata mgonjwa kitandani anagusanisha vidole. Niliwatazama watu wenye ndoo, wote wanaangalia chini, na makofi ya baba yangu yakawa yanaenda peke yake uani, pa, pa, pa, kama mtu anayebisha kwenye nyumba iliyohamwa. Hakuyaacha. Laiti angeyaacha.

Mwishowe Mzee Barnaba akasema, bila kupiga kofi, "Mwanao ni kibarua wa mkimbizi. Alipewa mali ya mama yangu akaila."

"Mwanangu anasoma," baba akasema. "Yuko shule hapa hapa."

Mwanamke mmoja mwenye ndoo akashindwa kujizuia, akacheka puani, na wengine wakamfuata. "Yewe! Anasoma shaba huyo!" mmoja akapaza sauti. Baba akageuka akaniangalia. Mimi nikaangalia vidole vyangu. Baba akamwangalia Konsolata, na Konsolata akawa anaondoa uchafu usiokuwepo kwenye kitenge chake.

Baba akaenda kwenye baiskeli, akafungua gunia. Ilikuwa fuawe. Aliibeba kifuani kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala, akaiweka kwenye ngazi ya baraza.

Nilimshika shati. "Baba, sikuichukua. Ukiwapa hiyo watasema niliiba."

"Silipi kwa kuwa uliiba," akasema kwa sauti ya chini. "Nalipa ili waniitikie."

Mzee Barnaba akaigusa fuawe kwa ncha ya kiatu. "Chuma kizuri," akasema. "Kitakaa kwenye mashine." Ndipo akaweka kikombe, akakunja viganja, akapiga makofi mara chache. "Mwakeye," akasema. Konsolata naye akapiga. Bibi naye akapiga. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimezika watu, nimekimbia mambo mengine ambayo si ya hapa, lakini makofi yale ya watu watatu ndiyo sauti mbaya kuliko zote nilizozisikia.

Baba hakupata fuawe nyingine. Alijaribu kufulia kwenye jiwe, jiwe likapasuka kwa joto, akabadilisha jiwe, nalo likapasuka. Majembe yake yakawa na vinundu. Watu wakaacha kuja mmoja mmoja, kwa heshima, wakisema wamepata mengine dukani, na Murungu ikamjua kama mhunzi aliyelipa kwa ajili ya mwanawe mwizi. Konsolata amekufa mzee, amezikwa kwa kwaya mbili, na aliyesoma wasifu wake alisema alilea watoto wasio wake. Nilikuwepo. Nilisimama nikatoka nje kabla hajamaliza.

Siku ile ile ya makofi mimi na baba tuliondoka. Baiskeli ilipandishwa juu ya lori la magunia ya maharage lililokuwa linakwenda Kibondo, na wakati baba anaongea na dereva pale stendi ya Kasulu, Mama Bibiche akatokea nyuma ya vibanda, anahema, kitambaa chake usoni. Akanivutia pembeni.

"Sikia, mutoto. Rupia ilipatikana. Siku ya pili ya harusi, walipong'oa miti ya turubai. Ilikuwa mu tope. Waliniletea nifanye kulabu ingine, iko tayari, bibi anavaa ndani ya nguo."

Sikuelewa. "Konsolata anajua?"

"Ni yeye mwenyewe aliniletea! Nikamuambia, basi umutumie baba yake habari asikuje. Akaniambia nifunge kinywa, ao ataita watu wa kambi wanichukue na watoto." Akaanza kulia bila kutoa sauti. "Ningefanya nini? Mimi ni mukimbizi. Ningefanya nini?"

Kisha akanishika mkono kwa nguvu, kama vile hilo la pili lilikuwa limemsumbua zaidi. "Na ile kulabu, uliigonga na nyundo, kisha ukaipeleka mu moto?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ndiyo maana. Shaba haiko chuma, Evodia. Chuma ikinywa maji inakuwa kali. Shaba ikipita mu moto inakuwa laini tu, hata uitie mu maji namna gani. Ni nyundo ndiyo inaipa nguvu. Sikukuambia. Nilizani unajua, sababu baba yako ni fundi."

Huyo ndiye Mama Bibiche. Nimemtaja kwa sababu angeweza kusimama pale barazani na kusema neno moja, na hakusimama. Lakini kila nikimkasirikia namwona na watoto wake nyuma ya lori la kurudishwa kambini, basi hasira inapoa kabla haijachemka. Na angalau alikuja stendi. Aliniambia kwamba chuma hakikunikasirikia.

Lori lilipopita Makere nikamwambia baba. Tulikuwa tumekaa juu ya magunia na abiria wengine, upepo unatupiga, na mimi nimejifunga khanga ya mtu kichwani kuficha nywele. Nilimwambia yote, kulabu na moto na maji, na rupia iliyopatikana kwenye tope, na kwamba ilikuwa tayari shingoni kwa bibi wakati yeye anapiga makofi.

"Ilipatikana lini?"

"Kabla hujafika."

"Na Konsolata alijua?"

"Ndiye aliyeipeleka kutengenezwa."

Baba akasimama juu ya magunia, akajivuta mpaka mbele, akapiga bodi la lori kwa kiganja, kwa nguvu zake zote za mhunzi. "Simama! Simamisha gari!"

Lori likasimama katikati ya msitu. Utingo akachungulia. "Mzee, vipi? Unashukia hapa? Hapa majambazi wanasimamisha magari, na wewe unatusimamishia bure?"

Baba alikuwa ameshapitisha mguu mmoja nje ya bodi. Mimi nikasimama pia. Nilifunga kandambili zangu kwa kamba ili nitembee vizuri, maana nilijua tunarudi. Niliona tayari tunavyoingia kwenye uwanja ule, watu na ndoo zao, baba ananyoosha kidole kwenye shingo ya bibi, Konsolata anafumuliwa uongo wake msuko mmoja mmoja, na fuawe inarudi kwenye baiskeli. Katika maisha yangu yote sijawahi kuwa na furaha kama ile iliyonijaa wakati nafunga zile kamba.

Baba aliangalia barabara ya Kasulu. Vumbi letu lilikuwa bado halijatua. Aliangalia muda mrefu, mguu mmoja nje, mmoja ndani, na dereva akaanza kupiga honi.

"Endelea," baba akasema. "Nilisinzia."

"Mzee anaota yuko kwake!" mwanamke mmoja akasema, na abiria wakacheka, na lori likaondoka.

Akarudi akakaa karibu yangu. Nilimkodolea macho, nikisubiri aeleze. Alifuta vumbi usoni kwa mkono wa shati, akasema, "Mama yako ana dada mmoja tu, mwana wanje, mwanangu we."

Hilo tu. Mzee Barnaba alikuwa ameninyang'anya jina na Konsolata ameninyang'anya shule, lakini wao niliweza kuwachukia, na chuki ni kitu unachoweza kukaa nacho. Baba yangu nilimwonea aibu. Mguu ule uliorudi ndani ya lori niliuonea aibu mbele ya watu wale wote, na nilitaka abiria wasijue kwamba mimi ni wa kwake. Nikageuza uso, nikajisogeza mbali naye, gunia moja, halafu la pili, mpaka kwenye kona ya bodi.

Yeye alidhani natafuta mahali pa kulala. Akakunja miguu yake mpaka magoti yakagusa kidevu, ili nipate nafasi ya kujinyoosha, na akakaa hivyo hivyo mpaka Kibondo.